Maswali na Majibu: Bibi Anapokuja Mjini Likizo ya Juni

Kila inapokaribia likizo ya Juni, mvua za masika zikiwa zimekwisha na upepo wa kusi umeanza kuipooza Dar es Salaam, meza hii hupokea barua nyingi zenye habari moja: bibi anakuja, au amekwisha kufika, na wenyeji wake hawajui wakae naye vipi wala wampeleke wapi. Safari hii tumechagua barua tano na kuziweka pamoja kwa sababu zinajibizana. Ya mwisho imeandikwa na bibi mwenyewe, jambo ambalo hatulipati mara nyingi, na nawaomba walioandika zile nne za kwanza waisome kwa makini.

SWALI: Mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 74, anakuja kutoka Muleba, Kagera, kukaa nasi Tabata kwa mwezi mzima. Mara ya mwisho alipokuja, mwanangu wa kwanza alikuwa bado mchanga; sasa ana miaka kumi na mdogo wake ana saba. Mama ana shinikizo la damu ambalo analitumia dawa kila siku, na magoti yanamsumbua. Mimi na mume wangu tunakwenda kazini siku tano kwa juma. Tungependa auone mji na watoto wamzoee, lakini kila nikimuuliza kwa simu anataka kwenda wapi, ananijibu, “Msihangaike, mimi nakuja kuwaona ninyi tu.” Tumpeleke wapi, na tufanyeje asichoke? (Mama wa wawili, Tabata)

JIBU: Nianze na hayo maneno ya mama yako, kwa maana wengi huyachukua kama yalivyo na wengine huyapuuza kabisa, na kote kuwili anayepata hasara ni bibi. Mzee akiambiwa achague mahali katika mji asioujua vizuri, tena kwa gharama ya mtoto wake, atasema msihangaike, kwanza kwa kuwa heshima inamtaka aseme hivyo, na pili kwa kuwa hajui kuna nini cha kuchagua. Kwa hiyo badilisha swali, umuulize ni nani angependa kumwona. Hapo utasikia habari nyingine: yuko mtoto wa ndugu yake anayeishi Gongo la Mboto, yuko jirani wa zamani aliyehamia Kimara kwa mwanawe, yuko mwenzake waliyeimba pamoja kwaya, na huenda ipo nyumba iliyofiwa ambayo hakuweza kusafiri kuihani wakati ule. Kwa mzee wa umri huo, kukaa nusu siku na mtu aliyekua naye ni matembezi kamili, na ndiyo atakayoyasimulia akirudi kwao. Panga watu kwanza, halafu mahali pa kutazama pafuate, ikiwezekana pawe njiani kuelekea kwa watu hao.

Jambo la pili ni safari yenyewe, ambayo wenyeji wengi huisahau kwa sababu hawakuisafiri wao. Kutoka Muleba mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,300, na mtu aliyekaa basini muda wote huo hushuka miguu imevimba na usingizi umevurugika. Mwombe ndugu atakayemsindikiza ahakikishe mama anashuka na kutembea kila basi linaposimama, anakunywa maji, na anameza dawa zake kwa saa zilezile alizozizoea. Wazee wengi huziacha dawa za shinikizo la damu njiani kwa kuogopa haja ndogo, na hilo ni kosa la hatari. Akifika, siku mbili tatu za kwanza zisiwe na ratiba yoyote. Zikipita, mpeleke kwenye kituo cha afya kilicho karibu nanyi apimwe shinikizo la damu, mwulize mganga kuhusu matembezi mliyoyakusudia, na uulizie dirisha la wazee ili asipange foleni ndefu. Zingatieni pia kwamba anatoka kwenye nyanda za baridi za juu ya Ziwa Viktoria, na joto la pwani, hata hili la Juni tunaloliita ubaridi, kwake ni jipya.

Sasa mahali. Ningekuwa na nafasi ya kukutajia mahali pamoja tu kwa familia yenu, ningekutajia Kijiji cha Makumbusho, kilichoko Barabara ya Bagamoyo, Kijitonyama. Ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa, iliyofunguliwa katika miaka ya 1960, na ndani yake zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania, kila moja kwa vifaa na mtindo wa kwao. Wengi huwapeleka watoto huko wakaambiwa na mwongozaji, wakapiga picha, wakarudi. Ninyi mna bahati ambayo wengine hawana, kwa sababu miongoni mwa nyumba hizo imo msonge wa Wahaya, na mtakayeingia naye ni mtu anayeufahamu. Ni nyumba ya duara iliyoezekwa kwa nyasi kutoka kileleni mpaka chini, isiyo na madirisha, yenye mlango mmoja wa kuinamia. Anayeingia kutoka juani hukaa kwanza gizani mpaka macho yazoee, ndipo aone kwamba ndani kumegawanywa: upande wa moto, upande wa kulala, upande wa mifugo. Mwache mama yako aeleze nani alilala wapi, kwa nini sakafu ilitandazwa nyasi mbichi, mgeni alikaribishwa upande gani, na buni za kutafuna zilitolewa wakati gani. Kama mwongozaji anataka kusema, na aseme baada yake. Watoto wako watamwona bibi yao akiwa mtu mwenye ujuzi ambao baba na mama hawanao, na hilo litawasogeza kwake kuliko pipi na zawadi za mwezi mzima.

Nendeni saa tatu asubuhi, kabla ya jua kali, mkae kwa saa mbili hivi, mrudi. Chukueni kiti kidogo cha kukunja, kwa kuwa uwanja ni mpana na mtu mwenye magoti mabovu hahitaji tu kutembea polepole, bali anahitaji kukaa kila baada ya hatua chache bila kuona haya. Bebeni vitambulisho, maana kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni wa nje. Ngoma huchezwa alasiri katika baadhi ya siku, kwa hiyo ulizeni kabla. Lakini msimkalishe mzee tangu asubuhi mpaka alasiri kwa ajili ya kuisubiri. Siku moja iwe na jambo moja. Familia nyingi hutaka kufanya Jumamosi iwe ya makumbusho, ufukwe, duka kubwa na chakula cha jioni hotelini, na Jumapili bibi hawezi kuinuka kitandani kwenda kanisani, nako kanisani ndiko alikotaka kwenda tangu mwanzo.

Kuhusu usafiri, ngazi ya kupandia daladala ni ndefu kwa goti linalouma na kondakta ana haraka zake. Bajaji au teksi ni bora, na mkipanda mwendokasi mtakuta sakafu ya basi iko usawa mmoja na jukwaa la kituo, kwa hiyo mama hapandi ngazi anapoingia garini. Epukeni tu saa za watu kwenda na kutoka kazini.

Zimebaki siku tano za juma ambazo ninyi hampo. Hapo ndipo mahali bibi anapojisikia mgeni au anapojisikia yuko kwake. Mtafutie jumuiya au kikundi cha ibada cha mtaani kwenu na umtambulishe mwenyewe, usimtume mtoto. Mwache aende sokoni Tabata na wajukuu wakati wa likizo, achague ndizi mwenyewe, maana hakuna mtu wa Kagera anayependa kuchaguliwa ndizi, kisha siku moja jioni jiko liwe lake: awafundishe wajukuu kuzimenya bila kujipaka utomvu mikononi na kuzipika kama anavyozipika yeye. Kama watoto hawajui Kihaya, usimpe bibi kazi ya mwalimu wala usiwaaibishe watoto mbele yake. Wakishika salamu na majina ya vitu vya jikoni kwa mwezi mmoja, hiyo ni akiba nzuri, na watakapompigia simu baadaye watakuwa na la kuanzia.

SWALI: Shikamoo mama mhariri. Nina miaka 17, nimemaliza kidato cha nne na ninasubiri kuendelea na masomo. Bibi yangu amekuja kutoka Iramba, Singida, na yupo kwetu Kimara. Hajawahi kuiona bahari. Baba na mama wamebanwa na kazi, wakaniambia nimtembeze mimi, lakini sina pesa zaidi ya nauli na kidogo cha kununulia maji na chakula. Je, inawezekana? (Mjukuu, Kimara)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Inawezekana, na umepewa kazi ya heshima.

Uko Kimara, mwanzo wa njia ya mwendokasi iliyoanza kutoa huduma mwaka 2016, na hiyo peke yake ni nusu ya matembezi. Ondokeni saa nne asubuhi, baada ya msongamano kupungua, mpande gari la kwenda Kivukoni mkiwa mwanzo wa njia ili bibi apate kiti cha dirishani. Usikae na simu. Mwonyeshe barabara za juu za Ubungo, Magomeni, bonde la Jangwani na sababu ya kujaa maji kila mvua zinapokuwa kubwa, kisha majengo marefu ya katikati ya mji. Mkishuka Posta ya Zamani mtakuwa karibu na makanisa mawili yaliyojengwa wakati wa Wajerumani, Azania Front la Walutheri na Mtakatifu Joseph la Wakatoliki, ambayo ujenzi wake ulikuwa unaendelea miaka ya mwisho ya karne ya 19. Kaeni mahali penye kivuli kando ya bandari. Maji atakayoyaona hapo ni ya mlango wa bandari, yametulia, yana meli na ngalawa, na kwa mtu asiyewahi kuona bahari ni mwanzo mzuri kuliko mawimbi.

Akiwa na nguvu, mvuke naye kwenda Kigamboni kwa kivuko na kurudi. Nauli ya mtembea kwa miguu ni ndogo sana na safari ni ya dakika chache, lakini nisikilize vizuri kuhusu namna ya kupanda. Watu hukusanyika ukumbini, na lango likifunguliwa umati hutoka kwa kasi kwenda kuwahi. Wewe na bibi simameni pembeni, mshike mkono, umati upite wote, ndipo mtembee. Kivuko kikiwaacha, ngojeni kinachofuata. Maji yakiwa yamekupwa, mteremko wa kuingilia huwa mkali zaidi na pengine unateleza, kwa hiyo avae viatu vilivyoshika mguu, visiwe ndala. Mkiwa ndani msipande juu. Kaeni chini karibu na ubavu wa chombo, auone mkondo na autazame mji ukirudi nyuma. Kama umati siku hiyo ni mkubwa mno, msivuke. Tazameni tu vivuko vikipishana, mrudi siku nyingine.

Kuyagusa maji kuwe siku ya pili. Pandeni mwendokasi wa kwenda Morocco, halafu bajaji mpaka Coco Beach, mfike baada ya saa tisa alasiri jua likiwa limelegea. Kuna miamba ya matumbawe yenye makali na mawimbi huvuta, kwa hiyo maji yasipite vifundo vya miguu. Pesa kidogo uliyo nayo inatosha mihogo ya kukaanga yenye kachumbari na pilipili, ambayo hapo ndiyo chakula chenyewe. Na akitaka kuonja maji ya bahari kwa kidole ili ahakikishe ni ya chumvi kama alivyosikia, usimcheke, na usimwache mtu mwingine amcheke.

SWALI: Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Mbezi na nina gari. Mama yangu mzazi yupo kwangu kwa majuma mawili kutoka Tabora. Nimepanga kumpeleka na watoto Mikumi, tuondoke alfajiri na kurudi usiku siku hiyohiyo. Mke wangu anasema nitamchosha mama. Nani yuko sahihi? (Baba, Mbezi)

JIBU: Mke wako. Mikumi iko karibu kilomita 300 kutoka Dar es Salaam, na kwa foleni za kutoka mjini na malori ya barabara ya Morogoro, mtatumia sehemu kubwa ya siku mkiwa barabarani, kisha mkifika mtaingia tena garini kuwatafuta wanyama. Mzee mwenye afya nzuri ataivumilia, lakini uvumilivu siyo tuliomwitia mjini. Kama nia yako ni Mikumi kweli, panda nao treni ya SGR, ambayo tangu mwaka 2024 inakwenda Morogoro kwa muda usiofika saa mbili, mlale Morogoro kwa usiku mmoja, na hifadhini mwende kesho yake kwa gari la kukodi.

Lakini kwa kuwa mama yako ni mtu wa Tabora, nina pendekezo ninalolipenda zaidi, nalo liko kilomita kama 70 tu kutoka mjini. Mpeleke Bagamoyo. Watoto wetu husoma habari za biashara ya misafara kama mistari miwili mitatu ya kitabu, lakini upande mmoja wa njia ile ni kwa bibi yao na upande wa pili ni hapo. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka bara mpaka Bagamoyo kwa miguu, wakapumzika kwenye kambi ya misafara ambayo leo ni makumbusho, kisha wakaanza kurudi. Urefu wa njia hiyo utawafafanulia watoto kwa mfano mmoja: wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 na wakafika Kaze, ambayo ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba. Waulize watoto bibi yao amekuja kwa muda gani.

Habari ya pili inamhusu yeye karibu zaidi. Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, lipo tembe alilokaa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti, mwaka 1872, na huenda mama yako amewahi kulipita au kulisikia tangu utotoni. Livingstone aliondoka hapo, akafa mwaka uliofuata katika nchi ambayo sasa ni Zambia, na watumishi wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, wakaubeba mwili wake mpaka Bagamoyo, ambako Februari 1874 ulilazwa katika kanisa la misheni kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Misheni hiyo ilianzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, mnara wa kanisa lile la kale bado umesimama, na makumbusho yake yanaeleza pia habari za watumwa waliokombolewa na kupewa makazi hapo. Mama akisimama chini ya mnara huo akawaeleza wajukuu Kwihara ilivyo, safari nzima itakuwa imepata maana ambayo twiga wa Mikumi hawawezi kuwapa.

Kwa mpango wa siku: ondokeni saa moja asubuhi, mwanze na misheni, kwa kuwa ina miti na mahali pa kukaa, kisha kambi ya misafara, halafu chakula cha mchana cha samaki. Magofu ya Kaole, yenye msikiti na makaburi ya Waswahili wa karne nyingi zilizopita, yako kilomita chache kusini ya mji. Mwulize mama kama bado ana hamu, na akisema ametosheka, aminini. Mwe mmerudi Mbezi kabla ya giza.

SWALI: Msaidizi wetu wa kazi za nyumbani aliondoka juma moja kabla ya mama mkwe kufika kutoka Mtwara. Mume wangu alisema hakuna haja ya kutafuta mwingine kwa sasa kwa kuwa mama atamwangalia mtoto wetu wa mwaka mmoja. Sasa ni juma la tatu. Mama mkwe hajalalamika hata siku moja, anapika, anafua, analea, lakini hajatoka nje ya geti tangu aje. Nikimwambia mume wangu ananijibu kwamba wazee wanapenda kukaa na wajukuu. (Mkwe mwenye wasiwasi, Chanika)

JIBU: Wasiwasi wako ni wa haki, na mume wako anachanganya mambo mawili. Bibi hupenda kukaa na mjukuu, ni kweli, lakini hupenda akiwa na ruhusa ya kumrudisha kwa mama yake anapochoka. Mtoto wa mwaka mmoja anaanza kutembea, anainuliwa na kuinamiwa mara nyingi kwa siku, na mwanamke aliyekwisha kulea watoto wake hakuja kutoka Mtwara kuanza upya. Hatalalamika, kwa sababu kwake kulalamika mbele ya mkwe ni kumwaibisha mwanawe. Kwa hiyo msisubiri malalamiko.

Zungumza na mumeo faraghani, si mbele ya mama, na umwombe mambo mawili tu: msaidizi atafutwe juma hili, hata wa kutwa, na Jumamosi hii yeye mwenyewe amtoe mama yake nyumbani. Nasisitiza yeye mwenyewe. Wewe baki na mtoto. Mama wa watu hajatembea na mwanawe wawili peke yao pengine tangu mwana alipooa, na hata wakienda tu kunywa chai kwa ndugu wa Mtwara walioko Temeke, wakachelewa kurudi, itakuwa imetosha kwa mara ya kwanza. Safari ya pili muende wote.

SWALI: Mhariri, mimi ni bibi wa wajukuu tisa, naishi Korogwe. Mwanangu aliyeko Dar es Salaam ni mtoto mwema na kila mwaka ananialika. Nikifika ananipeleka kwenye maduka makubwa yenye baridi kama jokofu na ngazi zinazotembea zenyewe, ambazo naziogopa, na ananinunulia chakula nisichokijua. Anatumia fedha nyingi na anafurahi, nami namshukuru. Lakini ninachotaka mimi ni kufika makaburi ya Kinondoni alikozikwa kaka yangu, ambaye sijaliona kaburi lake tangu tumzike, na kukaa na wifi yangu aliyeko Magomeni. Nimemwambia mwanangu mara moja, akasema, “Mama, usije ukahuzunika, twende mahali pa furaha.” Mwaka huu ameniita tena. Niseme nini nisimuudhi? (Bibi, Korogwe)

JIBU: Shikamoo, bibi. Asante kwa kuandika, kwa sababu barua yako imesema kwa uwazi jambo ambalo wenyeji wengi wanaosoma ukurasa huu hawajawahi kuambiwa na wazazi wao.

Mwanao hajakataa ombi lako kwa ubaya. Amelisikia kama ombi la huzuni, naye anaogopa kukuona ukilia mikononi mwake akiwa hajui la kufanya. Watoto wetu, hasa wa kiume, wakiwa na mali kidogo hupenda kuitumia kuifukuza huzuni ya mama. Kwa hiyo usilirudie ombi lile kwa maneno yaleyale, wala usilingoje mpaka ufike, kwa kuwa ukifika utakuta amekwisha kupanga. Mpigie simu kabla hajakukatia tiketi. Mshukuru kwanza kwa miaka yote aliyokualika, kwa kweli kama ulivyomshukuru hapa, kisha mwambie kwamba mwaka huu unamwomba zawadi moja tu na umeichagua mwenyewe: siku moja ya Kinondoni na Magomeni. Mwambie wazi kwamba utapata nafuu ukilizuru kaburi la kaka yako, na kwamba kinachokuumiza ni kutofika. Akisita, mwombe wifi yako naye ampigie, kwa maana shangazi akitaka kutembelewa si rahisi kwa kijana kukataa.

Ombeni mwende asubuhi na mapema siku isiyo ya kazi, kwa kuwa makaburi ya Kinondoni yamejaa sana na yaliyo ya zamani huchukua muda kuyatafuta. Wifi yako aende nanyi kama anaweza, kwani huenda anakumbuka alama ambazo wewe umezisahau. Mchukueni mjukuu mmoja mkubwa abebe maji na jembe dogo la kupalilia, aandike mahali kaburi lilipo na majirani zake, ili siku nyingine asihitaji kuongozwa. Kutoka hapo Magomeni si mbali, mtakula kwa wifi yako, na mwanao atapata mara yake ya kwanza ya kuwasikia ninyi wawili mkimzungumza mjomba wake kama kijana.

Na madukani, bibi, mpe mwanao siku moja pia, maana anakupenda kwa namna hiyo. Mwambie tu kwamba ngazi zile zinakutia hofu. Maduka mengi ya aina hiyo yana lifti au ngazi za kawaida, na hakukupeleka huko kwa kukusudia uogope. Hakujua, kwa sababu hukumwambia. Jambo la mwisho ni la tarehe: mtajie mapema siku unayotaka kurudi Korogwe na sababu yake, kama ni mahindi yanayosubiri kuvunwa au ni mjukuu wa huko, ili siku utakapofunga mzigo asidhani kuna kitu nyumbani kwake kilichokuudhi.